Hela ya Sikioni

Jipe,
14 Januari 2024

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpelekee mke mwenzangu, Bibi Koleta, na umwambie kwamba kanga alizonipa bado zimo kwenye sanduku, kwa sababu vumbi la huku halitofautishi nguo ya kazi na ya kanisani. Mimi ni mzima. Tunachanja mbuzi dhidi ya sotoka, boma kwa boma. Mbuzi wa huku ukimkamata mmoja, wenzake husimama kutazama; ukimwachia, wote hukimbia kana kwamba wamechanjwa wao. Mwenye nyumba wangu ameliwa mahindi na kiboko aliyetoka ziwani, naye anasema angejua pa kumshitaki angemshitaki. Nimemwambia apande kwetu Upareni, huko hakuna kesi inayokataliwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Novemba mshenga wao, Vitus, alipanda hadi Mhezi kukuletea barua ya posa. Inatoka kwa Mzee Sendeu, mfugaji wa huku, kwa ajili ya mwanawe Ezra, ambaye unamjua kwa sura na kwa ile siku aliyokubebea gunia la tangawizi pale Same. Tangu Baba alipofariki wewe ndiye uliyenilea, na wewe ndiye wa kujibu. Vitus anasema ulimpa chai, ukampa ndizi mbivu, ukamsindikiza mpaka barabarani, ila jibu hukumpa. Wamesubiri Krismasi, wamesubiri Mwaka Mpya. Mzee Sendeu ni mtu wa subira, lakini ameanza kuuliza kama barabara ya Mhezi ni ya kwenda tu.

Ezra hataoa bila neno lako, nami sitaolewa bila neno lako. Niandikie basi, ndiyo au hapana.

Mke wako mdogo,
Agape

Nilisahau. Bibi yake Ezra, anayeitwa Nailantei, ana sarafu ya zamani inayoning'inia kwenye sikio la kushoto. Ni ya manjano, ina taji na namba ishirini. Nimeona nikutajie tu.

*

Mhezi,
11 Februari 2024

Mke wangu mdogo Agape,

Marahaba. Barua yako ameileta Anold kwenye pikapu yake, ikiwa imekunjwa chini ya gunia la chumvi, lakini inasomeka. Sisi ni wazima. Goti la Bibi yako linauma asubuhi na kupona ikifika saa ya kwenda kwenye kwaya. Ukungu umeshuka mapema mwaka huu, na maharage yanapenda. Simu uliyoninunulia iko salama kabatini. Nimekwisha kukueleza kwamba kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri, nami sitaki kujibiwa hivyo, wala kujibu hivyo.

Kuhusu bahasha aliyoileta Vitus: iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Nimekuwa mkuu wa stesheni, na kanuni ya reli unaijua tangu utoto wako: mzigo ambao mpokeaji hajautia sahihi haujafika. Kwa hiyo sijachelewa kujibu, kwa kuwa sijapokea kitu.

Ama hilo ulilolisahau kisha ukalikumbuka chini ya jina lako, ningependa ulikumbuke kwa urefu zaidi. Sikiliza vizuri. Katika vita vile vya kwanza, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii walizibiwa njia ya bahari, na fedha kutoka kwao haikuweza kuingia. Mwaka 1916 wakafua sarafu zao kule Tabora, katika karakana ya reli. Kumbuka hilo: ya reli. Walitumia shaba waliyoiokota popote, maganda ya mizinga, mabomba, vyuma vya mitambo. Sarafu hiyo waliiita heller, na ndiyo maana hadi leo wewe na muuza nyanya mnasema hela. Ya ishirini ilitoka kwa namna mbili, ya shaba nyekundu na ya shaba ya manjano, kwa kutegemea kilichopatikana siku hiyo.

Unalijua kopo langu la sarafu. Ninayo senti ya Marekani ya mwaka 1943, ya chuma, kwa sababu shaba yao ilikwenda kwenye risasi. Ninazo za Ufaransa za zinki, nyepesi kama ganda la yai. Sarafu ya wakati wa vita haikuonyeshi kile ambacho nchi ilikuwa nacho, hukuonyesha ilichokikosa. Ya Tabora ninayo nyekundu. Ya manjano nimeitafuta tangu nikiwa karani, na nafasi yake kwenye kopo imebaki tupu muda wote huo.

Ndani ya barua hii nimetia sumaku ndogo. Iguse sarafu hiyo. Ikinasa, ni bati lililopakwa rangi, na tuyaache. Isiponasa, tazama chini ya mwaka kama kuna herufi T. Tazama pia tundu la kuning'inizia limetobolewa wapi, na kama taji limesalimika. Nijibu upesi.

Babu yako,
Elirehema

Bibi yako anauliza huyo Ezra anakula makande au hali. Mimi sijauliza.

*

Jipe,
3 Machi 2024

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Habari za huku ni joto na samaki. Ziwa limejaa matete mpaka wavuvi wanapitisha mitumbwi kwa kusukumana. Mwambie Bibi kwamba Ezra anakula makande, tena anayamiminia maziwa ya mgando, jambo ambalo mimi nimelizoea na yeye atalizoea.

Barua yako ilikuwa na kurasa tatu. Mbili na nusu ni za hela. Nimezisoma zote kwa heshima.

Sumaku ilifika. Nikaipeleka kwa Bibi Nailantei, nikamweleza kupitia kwa Ezra, kwa kuwa yeye husema Kimasai na Kiswahili hukitumia sokoni tu, kwamba babu yangu ametuma chuma cha kuuliza maswali. Aliichukua kabla sijamaliza. Akaigusisha kwenye kengele ya beberu, ikanasa. Kwenye sufuria, haikunasa. Kwenye panga la Mzee Sendeu, ikanasa mpaka wakavutana. Kisha akaipitisha kwenye mchanga, ikatoka na sindano yake iliyopotea tangu kiangazi kilichopita. Tangu hapo sumaku haijanirudia. Ameifunga kwenye kamba, anazunguka nayo bomani akiokota misumari, na amesema mtu aliyetuma kitu hiki si mjinga.

Ila sikioni hakuigusisha. Alisema sikio lake haliguswi na mtu wa mbali. Nilipouliza ni nani asiye wa mbali, alinitazama, akanitazama tena, kisha akamtazama Ezra, na wote wawili wakacheka kwa Kimasai.

Kwa hiyo kuhusu herufi T siwezi kukujibu. Huenda ipo. Huenda ningekuwa wa karibu zaidi ningeiona.

Nawe hukunijibu. Bahasha iko juu ya kabati lipi, lile la vyombo au lile la nguo? Nauliza kwa sababu la vyombo lina panya.

Mke wako mdogo,
Agape

*

Mhezi,
19 Mei 2024

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya mvua. Kilima kiliteremka juu ya barabara, na Anold amekaa na pikapu yake upande wa chini hadi juzi. Kwa hiyo usihesabu ukimya wangu kuwa ni jibu. Bibi yako ni mzima. Ndiva imejaa maji ya kumwagilia, na zamu za maji zimegawiwa bila ugomvi, jambo ambalo limewafadhaisha wazee wengi. Nimeezua bati moja juu ya chumba chako na kupiga jipya, maana lilikuwa likivuja upande wa kitanda. Sina sababu maalumu ya kukueleza hilo.

Nimefikiri juu ya Bibi Nailantei. Mwambie nitampa mbuzi mmoja jike aliye na mimba. Asipotaka mbuzi, nitampa gunia la tangawizi iliyokaushwa vizuri. Asipotaka vyote viwili, ataje anachotaka, nami nitakitafuta. Mwambie pia sumaku ni yake, bila masharti, ili aone kwamba sisi si watu wa kung'ang'ania kila kitu.

Umeniuliza tena habari ya bahasha. Iko juu ya kabati la nguo. Wewe umelelewa kwenye ukungu, Agape. Huko chini jua linapasua midomo. Hakuna parachichi. Kanisa liko mbali. Ng'ombe wakihama kutafuta majani, je, wewe utahama nao ukiwa na sanduku la sindano za chanjo? Mume hatoi mke wake kwa barua ya ukurasa mmoja, hata kama hajaufungua huo ukurasa. Haya ni maswali tu. Mtu ana haki ya kuuliza.

Macho yangu yamepungua kidogo. Kioo cha kukuzia ninacho, lakini mwaka ulioandikwa kwenye zile za zinki siuoni tena vizuri; zamani ulikuwa ukinisomea wewe. Bibi yako hujaribu, ila yeye husoma mwaka wowote unaomjia kichwani.

Nasubiri habari ya herufi T.

Babu yako,
Elirehema

*

Jipe,
2 Juni 2024

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mbuzi ni wazima, na salamu nyingine utanisamehe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta neno moja. Nimeona bati, nimeona parachichi, nimeona mbuzi mwenye mimba. Kama jibu ni hapana, niambie hapana. Nitalia, kisha nitarudi kazini. Lakini usiniweke juu ya kabati.

Ng'ombe wakihama, sitahama nao. Ezra amechimba lambo la kunyweshea mifugo na baba yake ili wasihame, na anaendesha duka la dawa za mifugo pale njia panda. Ungemuuliza angekueleza, lakini alipokubebea gunia ulimuuliza bei ya tangawizi tu.

Bibi Nailantei amekataa mbuzi. Amekataa na tangawizi. Anasema watu wa chini wana msemo kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na yeye angependa kumwona Mpare anayetaka kutoa mbuzi kwa ajili ya hela isiyonunua hata kiberiti. Uje uitazame mwenyewe. Kutazama hakuna mahari. Tarehe ishirini na tisa Mzee Sendeu na Vitus watakuwapo bomani. Mimi sitakuwapo, nina chanjo upande wa pili wa ziwa. Kwa hiyo hakuna atakayesema ulishuka kwa ajili yangu.

Agape

*

Mhezi,
7 Julai 2024

Mke wangu mdogo Agape,

Marahaba. Nimeshuka na nimepanda. Pikapu hadi Same, basi, kisha pikipiki ambayo kijana aliyeiendesha hakuitazama njia hata mara moja, kwa kuwa alikuwa akinieleza habari za mpira. Bibi yako amenikanda mgongo kwa mafuta ya ng'ombe niliyopewa huko. Mafuta hayo ni mazuri. Sitasema zaidi ya hapo.

Nilipokewa kwa adabu. Lambo nimeliona. Limechimbwa vizuri, ingawa tuta lake la kusini ni jembamba, na nimemwambia Ezra namna tunavyojenga ndiva huku kwetu. Alisikiliza, kisha akachukua jembe bila kuambiwa. Duka nimeliona pia. Dawa zimepangwa kwa tarehe za kuharibika, zinazotangulia kuisha zikiwa mbele. Hata stesheni yangu haikupangwa hivyo kila siku.

Sasa sarafu. Herufi T ipo. Taji limesalimika, isipokuwa ncha ya kushoto iliyolika kwa kusuguana na shingo. Tundu limetobolewa juu kabisa, na mtoboaji alikuwa fundi, kwa sababu namba haikuguswa. Ni shaba ya manjano bila shaka yoyote. Bibi Nailantei aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa baba yake, ambaye alilipwa nayo kwa kuwauzia askari ndama. Askari walisema ni fedha. Yeye akaona ni pambo. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeona vizuri.

Nimerudi nayo. Ipo kwenye kopo, mahali pake.

Kuna maneno niliyoyasema bomani ambayo huenda yakakufikia kabla ya barua hii. Jua lilikuwa kali.

Babu yako,
Elirehema

*

Jipe,
21 Julai 2024

Mpendwa Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo nyingi, na umshikie Bibi miguu kwa niaba yangu. Maneno yalinifikia, tena na watu watatu tofauti, kila mmoja akiigiza sauti yako. Aliyeiweza ni Vitus. Kwa kuwa barua yako imeruka katikati, nakuandikia nilivyosimuliwa, unisahihishe palipo na kosa.

Walikuketisha kwenye kigoda, wakakupa maziwa, ukayamaliza. Ukatoa kioo cha kukuzia. Bibi Nailantei akakutegea sikio, ukalitazama mpaka nzi akatua kwenye pua yako na hukumfukuza. Ukataja tena mbuzi. Akakujibu kupitia kwa Ezra:

"Kitu cha sikioni mwangu hakiuzwi. Huombwa, na anayeomba lazima awe mtu wangu. Wewe ni nani?"

Ukasema wewe ni Elirehema, mkuu wa stesheni mstaafu.

Akasema hana treni.

Ukasema wewe ni mzee wa kanisa, wa Mhezi, mwenye shamba na nyumba ya bati.

Akasema anafurahi kusikia hivyo, na kwamba bati lake mwenyewe linavuja.

Hapo, wanasema, ulivua miwani ukaifuta. Ukaivaa. Ukaivua ukaifuta tena. Mzee Sendeu alikuwa ameacha kula. Kisha ukasema, kwa sauti ya kutangaza treni:

"Mimi ni mkwe wenu."

Ezra hakutafsiri. Hakuweza. Bibi Nailantei alimwambia asijisumbue, Kiswahili hicho anakielewa.

Akaivua mwenyewe, akakutia mkononi. Halafu, Babu, hapa ndipo barua yako iliporuka zaidi. Akashika sikio lake lililobaki tupu, akakuuliza sasa avae nini. Wewe ulikuwa umekwenda na ile nyekundu mfukoni, ili uzilinganishe. Wanasema uliitoa, ukaitazama muda mrefu kuliko ulivyolitazama sikio lake, ukampa. Tundu aliitobolea Ezra, pale pale, nawe ukimwelekeza mahali ambapo haitagusa namba.

Nilikuwa najiuliza kwa nini hukuandika kwamba seti yako imekamilika. Nilipoingia bomani Jumapili nililiona jibu likining'inia.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa Wamasai, watu waliopeana mfugo huacha kuitana kwa majina yao. Waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng mpaka kufa. Bibi Nailantei anasema yeye hakukupa ng'ombe wala wewe hukumpa, kwa hiyo amefikiri akapata jina. Anakuita Pahela. Na wewe umwite hivyo hivyo. Anasema Pahela apelekewe salamu, na kwamba ile nyekundu ni nzito kidogo lakini inapendeza zaidi.

Babu, ulisema kwa sababu ya sarafu, au ulisema kwa sababu yangu? Mzee Sendeu hajali. Mimi najali.

Agape

*

Mhezi,
4 Agosti 2024

Mke wangu mdogo Agape,

Marahaba, mama. Bibi yako anakusalimu, na ameanza kwenda kwenye kwaya hata siku ambazo hakuna kwaya, ili awasimulie. Maharage yamevunwa. Barabara ni kavu.

Usimulizi wa Vitus una kosa moja. Nzi hakutua kwenye pua, alitua kwenye kioo. Mengine ni sawa.

Swali lako ni la haki. Nilipanga kusema neno lile siku nyingine, mahali pengine, nikiwa nimevaa koti, baada ya kufikiri kwa kutosha. Nimefikiri tangu Novemba, na kila nilipofika kwenye jibu niliona kitanda chako. Sarafu haikunifanya niseme nisichokitaka. Ilinifanya niache kungoja mpaka nitakapokuwa tayari, maana sioni kama siku hiyo ingefika.

Jana nimeiteremsha bahasha ile kutoka juu ya kabati, nikaifungua mbele ya Bibi yako. Panya hawakuigusa. Barua ni fupi, imeandikwa vizuri, na inaniomba kitu ambacho nimekwisha kukitoa. Vitus apande kuchukua jibu, lakini asubuhi, ili asinywe chai mara mbili. Mahari tutazungumza na wazee wenzangu, na sitakuwa mgumu, isipokuwa pale ambapo Mpare hutarajiwa kuwa mgumu, wasije wakaona tumewadharau.

Ndoa ifungwe hapa Mhezi, baada ya mvua za vuli, barabara ikiwa imekauka. Nina sharti moja. Bibi Nailantei aketi karibu nami, upande wangu wa kulia, ili sikio lake la kushoto liwe upande wangu. Nitakwenda na ile ya manjano mfukoni. Nimengoja muda mrefu kuziona zikiwa pamoja, na inaonekana hakutakuwa na njia nyingine ya kuziona isipokuwa sisi na wao tukutane. Itabidi tukutane mara nyingi.

Nafasi ya ile nyekundu kwenye kopo iko wazi. Bibi yako alitaka kutia kifungo cha koti, nikamkataza. Alitaka pia kuanika tangawizi kwenye kitanda chako. Hilo nalo nimelikataza.

Ukija, uje na huyo Ezra. Zile za zinki zinasubiri mtu mwenye macho.

Mume wako wa kwanza, ambaye ameupokea mzigo na kuutia sahihi,
Elirehema Pahela